Mkono Huu Nani Anaujua?

Nchi yetu ina sifa moja ambayo hata majirani wanaotuonea kijicho wanaikubali: hapa kwetu mkono wa mtu hauachwi hewani. Ukinyoosha mkono, unashikwa. Imeandikwa kwenye noti. Imechorwa kwenye ngao ya taifa, mikono miwili imeshikana na wa tatu umewekwa juu yake, haijulikani wa nani. Watoto wanaiimba kila asubuhi kabla ya uji. Nami Feruzi, mzaliwa wa hapa hapa, niliyesoma mpaka kidato cha nne na kufaulu vizuri zaidi somo la kuwacheka wenzangu, nawaambieni bila kutafuna maneno: sijawahi kuuona mkono ukiachwa hewani. Na kama uliachwa, basi siku hiyo mimi nilikuwa nimeshika kitu.

Kwa asiyeijua nchi yetu, aanze kwa kukijua Chama cha Mafundi Bomba. Mvua huletwa na Mungu, hilo hatubishani. Kuanzia hapo ni kazi ya Chama. Asiye na beji ya Chama haruhusiwi kugusa bomba, awe na kiu ama asiwe nayo. Kuna mzee mmoja alikaza koki ya jikoni kwake kwa sababu ilikuwa ikidondosha. Akashtakiwa kwa kosa la kukaza bila uanachama. Koki yenyewe ikang'olewa na kuletwa mahakamani kama kielelezo, ikaendelea kudondosha huko huko, mpaka hakimu akasoma hukumu amenyanyua miguu juu ya kiti.

Kupata beji si kazi ngumu. Unaanza kwa kuwa mwanagenzi. Ili uwe mwanagenzi, unakaguliwa viganja: lazima viwe na sugu. Sugu za fundi zinatokana na kushika spana. Na spana haishikwi na mtu ambaye si mwanagenzi. Mgeni akifika hapo husema, "Jamani, hapa mtu anaingilia wapi?" Sisi tunamhurumia. Wazee wetu waliliona hilo zamani, wakaweka kwenye katiba ya Chama kifungu cha sugu za kurithi. Mtoto anarithi sugu za baba yake. Mpwa anarithi za mjomba. Mkwe naye hasahauliki, anarithi za mkono wa kushoto.

Za kwangu nilirithi kwa Mjomba Makanyaga, Mwenyekiti wa Chama, ambaye hupenda kuitwa Komredi hata na mkewe. Siku ya ukaguzi nilisimama mbele ya Bwana Pazi, Mkaguzi Mkuu wa Viganja, mtu mwembamba mwenye miwani ya kukuzia vitu. Mjomba akasimama kando yangu, akatoa mkono wake. Bwana Pazi akaubonyeza mkono wa Mjomba, akaunusa, akaukuna kwa kucha, huku akinitazama mimi usoni.

"Kijana huyu," akasema, "ana kiganja kizuri sana."

"Amekipata kwa jasho," Mjomba akajibu, akarudisha mkono wake mfukoni.

Vyangu vilikuwa laini kama sponji. Lakini vilipitishwa, na kuanzia asubuhi ile nikawa mtu mwenye kiganja kinachotambulika. Kilichobaki ni nafasi. Na nafasi za wapwa zilikuwa zimejaa, kwa sababu mafundi wa nchi yetu wamejaliwa dada wengi.

*

Sasa kuna watu wa Bondeni. Sisi tunakaa Mwinuko, wao wanakaa chini, na kati yetu kuna ngazi ndefu ya mawe. Lugha yao ni hii hii yetu, ila wanaisema haraka, kama watu wanaoogopa kukatizwa. Ni wachache, lakini kwa kubeba vitu ni wengi kuliko sisi. Mabomba ya Chama yanaishia pale ngazi inapoanzia. Si ubaguzi, msinielewe vibaya. Mjomba alishalieleza jambo hili redioni: "Maji kwa asili yake hushuka. Sasa kama maji yenyewe yanashuka, fundi naye ashuke kufanya nini?" Basi kina mama wa Bondeni wakawa wanapanda na ndoo tupu, wanashuka na ndoo zilizojaa, na ngazi ile ilikuwa inalia ndoo tangu alfajiri.

Fundi wa Bondeni hakuwepo hata mmoja. Waliozaliwa kule hawana mjomba kwenye Chama, na bila mjomba sugu inatoka wapi?

Nilisoma na mmoja wao, Sikudhani. Alikaa dawati la nyuma, pale bomba la shule lilipokuwa likivuja, na yeye ndiye aliyelifunga kwa mpira wa baiskeli. Alikuwa na mdomo mkali na mkono wa chuma. Siku moja nilikuwa naigiza mwendo wa mwalimu mkuu nyuma ya choo cha walimu, watu wanacheka, nikarudi kinyumenyume kwa madaha nikatumbukia kwenye shimo la koki, maji mpaka kidevuni. Wenzangu waliendelea kucheka. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Sikudhani peke yake ndiye aliyelala kifudifudi, akanyoosha mkono, akanivuta. Kiganja chake kilikuna kama tupa ya kunolea panga. Alama zilibaki kwenye kifundo changu wiki nzima.

Hayo si muhimu. Nimeyataja tu kwa sababu yanachekesha.

*

Mambo yalianza pale mgeni wa heshima kutoka nchi za mbali alipotembezwa na Mtukufu Rais kuonyeshwa maendeleo. Mafundi bomba walipopangwa mstari mmoja wamsalimie, yule mgeni alitazama, akatazama tena, akauliza kwa upole mbona wote wana pua moja.

Mtukufu Rais alicheka sana. Mgeni alipopanda ndege, akaacha kucheka. Kesho yake amri ikasomwa: kila Chama cha Ufundi kichukue walau mwanagenzi mmoja kutoka Bondeni, upesi, na apigwe picha.

Chama kiliipokea amri kwa shangwe na kikaikalia siku hiyo hiyo. Lakini katiba ni katiba. Mtu asiye na sugu za kurithi ana njia moja tu, ya kale, inayoitwa Kushikwa Mkono. Anasimama mbele ya mkutano, ananyoosha mkono. Mwenyekiti anauliza mara tatu, "Mkono huu nani anaujua?" Mtu yeyote mwenye kiganja kinachotambulika, hata mwanagenzi mtarajiwa, akienda akaushika na kusema "Naujua," basi. Hakuna wa kupinga. Njia ni rahisi, ila haikuwahi kutumika, kwa sababu aliyejulikana alikuwa na mjomba tayari.

Sikudhani akapanda ngazi akanifuata nyumbani kwa Mjomba, nilikokuwa nikikaa. Hakubeba ndoo, ndipo nikajua ana jambo.

"Feruzi, nasikia viganja vyako vimepitishwa."

"Kwa jasho."

"La nani?" Akacheka, kisha akaacha. "Sikiliza. Nimeandikishwa. Nikipata ile beji, bomba linashuka Bondeni, hata kama nitalivuta kwa meno. Mama yangu goti limekwisha kwa ngazi hii. Nataka useme neno moja tu."

"Hata mawili, dada yangu."

"Moja. Ukisema mawili utaharibu."

Nikamwapia. Nilimpa mkono kabisa. Kiganja chake kilikuwa kile kile, cha tupa.

Alipoondoka tu, Mjomba akatoka chumbani akiwa na kanga kiunoni na mswaki mdomoni. Alikuwa amesikia, ama hakusikia. Kwa Mjomba ni vigumu kujua.

"Mpwa wangu, ile nafasi ya Bondeni. Mkono wa binti yule usipojulikana, nafasi inarudi kwa Chama, na Chama kinaijaza kwa busara zake. Nimekufikiria wewe."

"Lakini Mjomba, mimi si mtu wa Bondeni."

"Nani kakwambia? Mama yako hakuteleza ngazini akiwa na mimba yako?"

"Aliteleza."

"Akaishia wapi?"

"Chini."

"Basi!" akasema Mjomba, akaendelea kupiga mswaki bila maji.

*

Nimesema bila maji kwa sababu wiki ile mji wote ulikuwa mkavu. Bomba kuu lilipasuka chini ya ukuta wa Ikulu, na maji yote yakawa yanatokomea mabondeni huko kwenye majani. Chama hakikulala. Kiliunda kamati ya kuamua kama mpasuko ule ni kazi ya mafundi wa mkono wa kulia au wa kushoto. Kamati ilipogawanyika, ikaundwa kamati ya kuiunganisha kamati.

Basi mkutano mkuu ulifanyika watu wana vumbi masikioni. Wajumbe walinawa kwa soda ya machungwa, viganja vikanatana, na makofi yakawa hayasikiki vizuri. Mama Chiku, mpishi wa chai wa Chama, mwanamke wa Bondeni ambaye ndiye mtu pekee wa kule aliyewahi kuingia ukumbini mle, alikuwa kando ya mlango, amelikalia sufuria lake amelipindua.

"Mkono!" akanguruma Mjomba.

"Hushikwa!" ukumbi ukaitikia.

"Ndugu wajumbe! Historia inatutazama kwa jicho moja, jicho la pili imelifumba kwa heshima. Chama hiki hakimbagui mtu. Chama hiki hakijawahi hata kumwona mtu wa kumbagua!"

Makofi ya kunata.

Sikudhani akaitwa. Alikuja amevaa gauni la shule lililoongezwa upindo. Akanyoosha mkono wa kulia. Bwana Pazi akavaa miwani yake.

"Sugu zipo," akakiri, akakunja uso. "Nyingi. Zimetoka wapi?"

"Mkononi."

Watu wakaguna. Bwana Pazi akatabasamu kama mtu aliyezoea kudharauliwa na maskini. "Nauliza, wazazi wa sugu hizi ni akina nani? Sugu ya baba? Ya mjomba?"

"Ni za ndoo, jembe, mwiko, na bomba la shule."

"Bomba la shule ulilishika kwa beji ipi?"

Bwana Pazi akawageukia wajumbe, sauti imejaa huruma. "Ndugu zangu, hizi ni sugu za mitaani. Hazina wazazi. Zikiruhusiwa hizi, kesho kila mtu atakuja na za kwake!"

"Aibu!" mtu akapaza sauti, na mpaka leo sijui alimaanisha nani.

Mjomba akasimama. "Kwa mujibu wa mila. Mkono huu nani anaujua?"

Sikudhani hakumtazama Mjomba. Alizungusha macho ukumbini taratibu, safu kwa safu, mpaka yakanifikia mimi, yakatulia. Akainua nyusi kidogo, kama zamani darasani akitaka nimpe kifutio.

Ningeruka. Mungu ndiye shahidi wangu, ningeruka viti vyote vile. Lakini nilikuwa nimeshika vikombe viwili vya chai, kimoja mkono huu na kimoja mkono huu, changu na cha Mjomba, chai ya moto wa kuchubua ngozi. Mtu anaweka wapi vikombe ukumbini kama ule? Chini? Vipigwe teke, viunguze miguu ya wajumbe wasio na hatia?

"Mkono huu nani anaujua?"

Nikapuliza chai.

"Mkono huu nani anaujua?"

Nilisikia nzi kwenye chupa ya soda.

"Mkono haujulikani," Mjomba akatangaza. "Tuendelee na mengineyo."

Naye Sikudhani hakuushusha mkono. Hilo ndilo lililokuwa kituko. Mkutano ukaendelea, watu wakachangia hoja ya rangi ya sare, na yeye yuko pale pale mbele, mkono umenyooka. Mjumbe mmoja aliyechelewa aliingia anahema, akautazama, akavua koti lake akalitundika juu yake, akaenda kukaa. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mimi ni mtu wa utani, jamani, na ule ulikuwa utani wa daraja la kwanza. Nilicheka.

Sikudhani alilikunja lile koti vizuri, akaliweka juu ya meza ya Mjomba, akatoka. Mama Chiku akainuka, akalibeba sufuria lake, akamfuata.

Ndipo nikatangazwa mimi, mwana wa Bondeni kwa njia ya mteremko, kuwa mwanagenzi wa kwanza wa kihistoria. Picha yangu ilitoka magazetini chini ya maneno HATIMAYE BONDENI YASHIKWA MKONO. Mama alipoiona aliuliza kama kuteleza kwake kutalipiwa fidia.

*

Tangu siku ile nimependa sana kubeba vitu. Msibani nabeba viti. Harusini nabeba masinia. Mtu akija ananyoosha mkono anisalimie, ananikuta nimekumbatia kreti, basi ananipiga begani anapita. Watu wananisifu kwamba cheo hakijanivimbisha kichwa. Na kifundo changu cha mkono huniwasha wakati mwingine, pale palipokuwa na zile alama. Nadhani ni mbu.

Siku zikaenda. Bomba kuu bado lilikuwa kwenye kamati, na mji ukawa unakunywa kwa lori la Chama. Kisha watu wa Mwinuko wakaanza kulalamika kwamba wanachelewa kuamka. Ilichukua muda kugundua sababu: ngazi ilikuwa imenyamaza. Hakuna ndoo iliyokuwa ikipanda.

Wapelelezi wakatumwa, wakarudi wamepauka. Yale maji yaliyokuwa yakitokomea majanini, Sikudhani alikuwa ameyafuata, akayakinga, akayatia kwenye mabomba mabovu aliyookota jalalani. Bondeni kulikuwa na bomba. Lilikuwa likitoa maji, tena bila beji!

Mjomba alifoka redioni. "Maji yale yamevuja kutoka kwa Chama! Kuvuja kwetu ni mali yetu! Leo wanachukua mvujo, kesho watachukua nini? Umande?" Kisha akarudi nyumbani, akanipa msumeno wa chuma. "Nenda ukalikate, mpwa wangu. Wewe ni mtu wa kule. Ndugu zako watakuelewa."

Nikashuka ngazi, kwa mara ya kwanza nikiwa nje ya tumbo la mama.

Bomba lilikuwa limesimama kwenye ua mmoja wenye mihogo imeanikwa juu ya bati. Kina mama walikuwa wamepanga ndoo wanapiga soga. Waliponiona, mmoja akapiga kigelegele.

"Karibu mwana wa Bondeni! Mama yako hajambo? Ameacha kuteleza?"

Waliangua kicheko, nami nikacheka nao, kwa sababu mzaha mzuri ni mzaha mzuri. Sikudhani alikuwa amechuchumaa anakaza kiungio. Hakuinuka.

"Umekuja kukata."

"Nimetumwa."

"Kata basi. Lipo, wala halikimbii." Akajifuta mikono kwenye gauni. "Lakini niambie kwanza, Feruzi. Mwenzangu siku ile uliniona. Tulitazamana. Kwa nini hukuja?"

Kina mama wakaacha soga. Maji yalikuwa yanaingia ndooni, ndoo ikajaa, ikafurika, hakuna aliyeiondoa.

"Dada, hilo limeninyima raha," nikasema. "Nilitaka kuja. Nilikuwa na vikombe vya chai mikono yote miwili. Nikakosa pa kuviweka. Vilikuwa vya moto, ningeunguza watu."

"Vikombe vya chai."

"Viwili. Hicho ndicho kilichotokea, wala hakuna kingine."

Uso wake ukaanza kulegea kidogo, pembeni mwa macho, na nikaona jambo ambalo sikulitegemea: alitaka kuniamini. Alikuwa ameitafuta sababu hiyo kwa muda wote ule, na sasa nimemletea.

"Kumbe," akasema taratibu. "Mimi nilidhani…"

"Chai ipi, Feruzi mwanangu?"

Nikageuka. Mama Chiku alikuwa ametoka kwenye mlango wa nyumba ya ua ule, sufuria mkononi, anakausha kwa kitambaa. Sikujua kama ndipo anapokaa. Sikuwahi kumuuliza anakaa wapi.

"Chai ya mkutano, mama," nikasema, natabasamu. "Ile uliyotumiminia."

"Niliyowamiminia."

"Ilikuwa tamu sana. Ulitia tangawizi."

"Na tangawizi!" Akawatazama wenzake. "Mji mzima umekauka, wanaume wazima wananawa kwa soda, na mimi nikamimina chai ya tangawizi! Sufuria nilikuwa nimelikalia, baba. Hili hapa. Tangu mnafungua mkutano mpaka binti anatoka. Mikono yako nimeiona kwa macho yangu, umeibana kwapani hivi, kama kuku aliyenyeshewa. Mimi ningemshika kwa mkono wangu, lakini mkono wa kumimina chai kule hamuuhesabu."

Hakuna aliyecheka. Nikatafuta mzaha, na kwa mara ya kwanza maishani sikuupata hata mmoja. Uso wa Sikudhani ulikuwa umejifunga tena.

Mama Chiku akaingia ndani, akarudi na vikombe viwili vya bati. Akakinga maji bombani, kimoja, kisha cha pili, mpaka kwenye ukingo kabisa. Akaja mbele yangu.

"Haya. Leo maji yapo. Shika."

Nikashika kimoja.

"Na hiki."

Ili nishike cha pili ilibidi niuweke msumeno chini. Nikauweka. Nikasimama katikati ya ua ule, kikombe mkono huu na kikombe mkono huu, vimejaa pomoni, na maji ni baridi mpaka mifupani. Sikudhani akauokota msumeno, akayapima meno yake kwa kidole gumba, akaona yanafaa. Akachukua bomba lingine kutoka kwenye rundo, akaanza kulikata, la kupelekea maji ua wa pili.

Nilijaribu kugeuka niondoke.

"Polepole," Mama Chiku akaniambia. "Usimwage."